Sahani ya Buluu

Baba mkwe aliifungia sahani ya buluu kabatini, akatia ufunguo mfukoni mwa koti lake, kisha akaupapasa mfuko kwa nje kuhakikisha.

"Sasa tuone," alisema. "Atakula kama watu au atalala na njaa. Nimefundisha shule maisha yangu yote. Mtoto hanishindi."

Mtoto mwenyewe, binti wa miaka sita, alikuwa chini ya meza ya cherehani, viganja masikioni. Nyumbani walimwita Bosi kwa sababu hakuna aliyewahi kumpangia. Bosi alikuwa na usonji. Alikula viazi vya kuchemsha, vimemenywa, vimekatwa miraba, bila chumvi, kwenye sahani ya buluu, na kimoja kisiguse kingine. Basi. Ukimletea kilichokatwa ovyo anakurudishia jikoni kama mteja wa hoteli. Kikiguswa na mchuzi ndiyo kabisa, mlo umekwisha na siku nayo imeharibika.

Mama yake, fundi cherehani, hakuwa amekaa bure. Mtaalamu wa kliniki alimwelekeza: usimnyang'anye chakula anachokiamini, kipya kiweke pembeni, kwenye kisosi chake, akizoee kwa macho, halafu kwa pua, halafu kwa kidole. Wiki iliyopita Bosi alikigusa kipande cha karoti. Akakinusa. Mama mtu alijifungia chooni akalia kwa furaha. Kisha wakwe wakaja kukaa, mume yuko safarini kikazi, na kazi yote ya karoti ikaenda na maji.

"Vumilia," mume alimwambia kwenye simu. "Baba ndivyo alivyo."

Na kweli, baba mkwe alikuwa mtu wa makuu. Hakula mezani na wenzake. Alikula chumba cha wageni, mlango umefungwa, na aliyempikia ni mkewe tu. Siku ya kwanza fundi alijipinda, akapika, akapakua. Mama mkwe akakifunika chakula kwa upole. "Cha mzee niachie mimi, mwanangu." Hata sahani walikuja na yao kwenye mzigo, utadhani za humu zina sumu. Ilimchoma. Cherehani nayo ikapigwa marufuku, mzee hataki kelele, nguo za wateja zikalala.

Jana, siku sahani ilipofungiwa, Bosi hakula. Leo asubuhi babu alimwekea wali uliochanganywa na mboga, akamsimamia. Bosi akatapika kabla hajaonja. Mchana akakataa hata maji. Jioni alikuwa amejilaza sakafuni, midomo imekauka, kulia kwenyewe hawezi tena. Mara ya mwisho kufikia hapo alilazwa hospitali, akatundikiwa dripu, na daktari akaonya kwamba mwili ule hautastahimili mara nyingine.

Fundi alipiga magoti mbele ya mlango wa chumba cha wageni.

"Baba, nakuomba. Nipe hiyo sahani tu. Mtoto atanifia."

"Mnamdekeza," sauti ilijibu kutoka ndani. "Mtoto hula anachopewa. Mimi nilichapwa mpaka nikala, na leo nipo."

"Baba, hawezi."

"Kila mtoto anaweza."

Akangoja. Mlango haukufunguka. Mama mkwe naye siku zote hizi hakuwa amemtetea mtoto. Yule hatamsaidia, fundi aliwaza. Yule kazi yake ni kumnyenyekea mumewe. Akainuka, akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akaelekea jikoni. Atalivunja kabati. Alijua kwamba akilivunja, huenda na ndoa ikafuata. Liwalo na liwe.

Kabati lilikuwa wazi.

Mama mkwe alikuwa ameinamia meza, ameupa mlango mgongo, anatayarisha chakula cha mzee kama ilivyo ada.

"Ufunguo nimeutoa kwenye koti lake," alisema bila kugeuka. "Weka huo mkasi, mwanangu, utajikata."

Fundi akasogea. Mezani palikuwa na sahani mbili. Moja ni ile ya buluu, na juu yake viazi vya kuchemsha, vimemenywa, vimekatwa miraba, kila kimoja mahali pake. Ya pili ilikuwa ya bati, kuukuu, rangi imebanduka ukingoni, ile iliyokuja kwenye mzigo.

Juu ya ile ya bati mraba mmoja wa kiazi uliteleza ukaegemea mwenzake. Mama mkwe akaviondoa vyote, akaipangusa sahani mpaka ikakauka, akaanza kuvipanga upya, kimoja kimoja, kisiguse kingine.

"Mpelekee wako kabla havijapoa," alisema. "Na mimi nimpelekee wangu."