Bakuli la Bi Njiwa

Chiriku mpiga domo aliliona bakuli la Bi Njiwa chumbani kwa Nguchiro, kapera wa ghorofa ya chini, akawaita wapangaji wote ngazini.

"Bakuli la mke wa mtu linatafuta nini kwa kapera?"

Mume wa Njiwa akafura.

Mjusi, apitaye kila dirisha bila kusema, akateremka ukutani. "Nililiazima mimi, nikampelekea Nguchiro uji. Alikuwa mgonjwa."

Wapangaji wakatawanyika. Chiriku akamfuata. "Mzee Mjusi, umedanganya!"

"Nimedanganya, mwanangu. Na siku wakilikuta birika lako chumbani kwa Bi Kware, nitasema nililipeleka mimi, si mumeo."

Tangu hapo Chiriku huimba tu, na Mjusi akipita dirishani kwake, humpa shikamoo.