Sikio la Mbuzi Mweusi

Homa ilipowaingia mbuzi wa bondeni, weusi walikufa wengi kuliko weupe. Aliyetaka kujua sababu alikuwa Digidigi peke yake, mdogo wa mwili lakini hachoki kuuliza.

Alianza kwa Nyani, mganga wao.

"Weusi huchelewa kuja," Nyani alimwambia. "Ndivyo walivyo."

Digidigi akaenda kumpa pole Bi Mkaa, mbuzi mweusi aliyefiwa na mwanawe, akamuuliza kama walichelewa.

"Tulifika kabla ya wote," alisema Bi Mkaa. "Nyani akainua sikio la mwanangu, akalitazama, akasema si jekundu, kwa hiyo hana homa. Tukarudi nyumbani. Jua halijazama, akafa."

Digidigi alilala na maneno hayo. Asubuhi akamtafuta mbuzi mweupe mwenye homa, akampaka masizi ya chungu masikioni, akampeleka kwa Nyani. Bi Mkaa akawafuata.

Nyani akainua sikio, akalitazama. "Huyu mzima. Mrudishe."

Digidigi akalilamba lile sikio mpaka masizi yakatoka. Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva.

Nyani aliinama. "Nilifundishwa kutazama wekundu," alisema taratibu. "Kwenye sikio jeusi ningeuonaje?"

Digidigi alikuwa na mengi ya kumjibu, ila Bi Mkaa alimtangulia.

"Mwanangu alikuwa wa moto, Bwana Mganga. Na sikio lake ulilishika kwa mkono wako mwenyewe."