Nyani Aliyekuwa Mlangoni

Enzi wanyama walipokuwa na gereza lao, Nyani alikabidhiwa ulinzi wa Digidigi, aliyeshikwa akila kunde za mfalme. Nyani alipenda bao kuliko kazi. Alimfungia mfungwa ndani, akaenda zake mtoni kucheza, na aliporudi siku ya tatu akamkuta amekufa kwa kiu.

Nyani hakubabaika. Alifungua kitabu cha zamu akaandika: “Sikuondoka mlangoni. Mfungwa alitulia, hakuomba kitu.” Kisha akaenda kwa hakimu Tembo, kifua mbele.

Mama yake Digidigi alikuwa amekwisha kufika. “Mwanangu Nyani,” akamuuliza, “kweli hukuondoka?”

“Hata kidogo, mama! Sikio langu lilikuwa papo hapo mlangoni. Kitabu hiki ndicho shahidi.”

“Mimi nilikuwa nje ya ukuta, nimekatazwa kuingia,” mama akasema, “nami nilimsikia akiomba maji mpaka sauti ikamkauka. Wewe wa mlangoni ulisikia nini?”

Nyani akapima majibu yote mawili. Akisema hakusikia, basi hakuwapo. Akisema alisikia, basi amemuua kusudi.

“Mjibu mama,” Tembo akasema.

“Nilikuwa mtoni,” Nyani akanong’ona.

Akafungiwa chumba kilekile, na ufunguo akapewa mama wa marehemu. Jua lilipokuwa kali, Nyani aliona haya hata kuita. Lakini mlango ulifunguka, na mama akamwekea kibuyu cha maji mbele yake.

“Kunywa,” akamwambia. “Mimi nipo.”