Wauguzi Wawili

"Sema hutarudia, twende zetu nyumbani," wakili wake alimnong'oneza muuguzi Eirlys.

Mwenyekiti wa baraza la wauguzi, pale Cardiff, aliinamia meza. "Sista, dawa kali ya maumivu kama mofini hutolewa mbele ya wauguzi wawili; wewe ulimpa mgonjwa peke yako. Siku ile ikirudi, mgonjwa analia vile na uko peke yako wodini, utafanyaje?"

Eirlys alitazama viganja vyake, vilivyopasuka kwa sabuni ya miaka mingi. Jibu moja tu lingemrudishia leseni. Lakini alikuwa hoi, hata nguvu ya kudanganya hana.

"Nitamchoma sindano, mama. Kisha mniite tena hapa."

Wakili alifumba macho.

Mwenyekiti, naye muuguzi, alishusha pumzi. "Nilijua utasema hivyo," alisema, akawageukia wajumbe wenzake waamue.