Tangi la Shemeji

Dalali alicheka mpaka akaegemea boneti.

"Hili, Mwalimu? Kwa njia hiyo, asubuhi na jioni? Litakulaza kituo cha mafuta. Chukua lile dogo la buluu pale ukutani. Sura halina, lakini tumbo lake la ndege."

"Nataka hili," alisema Mwalimu. Mguu wake mmoja ulikuwa haukai chini ukatulia. "Shemeji yangu analo kama hili, injini ile ile, na kila siku anakwenda mji ule ule. Akijaza tangi leo, mpaka ajaze tena hata tumeshasahau."

Dalali aliacha kucheka. "Huyo shemeji yako anatia nini, maji?"

Mwalimu alifungua mlango, akakaa kwenye usukani. Madalali ni watu wa maneno, na yeye alikuwa na ushahidi nyumbani. Shule aliyohamishiwa ilikuwa ng'ambo ya ule mji wa viwanda, na mabasi yalifika huko yanapojisikia. Mwalimu mkuu alikwisha kumwonya kwamba akichelewa tena asisumbuke kuja. Kuhamia huko alikuwa hawezi. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na bila yeye hapakuwa na wa kumlaza wala kumgeuza usiku. Asipopata gari lisilokula mafuta, ingembidi achague kati ya kazi na mama.

Lifti alikwisha kuomba. Shemeji, mume wa mdogo wake, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti, alikuna kichwa. "Ningependa sana, dada. Tatizo natoka alfajiri mno, na zamu zenyewe za kiwandani hazina mpango."

Basi akalinunua lile lile. Wiki haijaisha, tangi likawa kavu.

Fundi alibadilisha plagi, akasafisha kichujio cha hewa, akapima upepo wa tairi. Tangi likakauka vile vile. Mwalimu akaanza kuendesha bila viatu ili mguu uwe mwepesi. Akalitoa tairi la akiba kupunguza uzito, halafu akawa anasafiri roho mkononi akiogopa pancha. Hata usiku hakutulia. Alimgeuza mama huku akili yake iko barabarani, mpaka siku moja mama akamwambia, "Mwanangu, taratibu. Unanigeuza kama godoro la kuanika."

Aliyemchoma zaidi ni mdogo wake. Yeye alikuwa na cherehani zake mbili barazani, na ndizo zilizolisha nyumba yao ya jirani, maana mshahara wa mumewe, alisema, ulikuwa unajenga.

"Dada, gari ni dereva," alisema akikata uzi kwa meno. "Mume wangu ana mguu wa pamba. Wako wa kukanyagia udongo wa tofali."

Maneno yakamwingia. Alilala nayo, akaamka nayo. Alimwonea wivu yule shemeji, akajionea haya kwa wivu huo, kisha akamwonea tena. Alichotaka sasa ni kitu kimoja tu, fundi ayaweke magari mawili ubavu kwa ubavu aseme tofauti iko wapi. Shemeji akaombwa, akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na nyingine tena.

Jumapili moja, shemeji akiwa bado amejifunika shuka, mdogo mtu alichukua funguo mwenyewe.

"Leo tunakutoa ushamba," alisema, akaliingiza gari gereji kwa madaha, mkono mmoja nje ya dirisha.

Fundi alifungua boneti zote mbili. Akachungulia huku, akachungulia kule, akarudi tena huku. "Haya ni mapacha," alisema mwishowe. "Sioni kilichomo humu kisichokuwamo humo."

Mdogo mtu alipiga makofi. "Nilisema mimi. Mguu."

Lakini Mwalimu hakutosheka. Alilizunguka gari la shemeji, akigusa hiki, akiinamia kile, hajui anatafuta nini. Kwenye gurudumu la mbele akachuchumaa.

Tairi lilikuwa na vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani. Alivifahamu. Alipofunga tairi zake mpya, ile barabara ya mji wa viwanda ilivinyoa vyote kabla ya wiki kwisha. Hapa vilikuwa vimesimama, hata katikati, pale tairi linapokanyaga lami. Alivipitishia kidole. Akaenda gurudumu la nyuma, akavikuta na huko.

Alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa anajifuta vumbi kwenye kiatu na kutabasamu peke yake, na akatamani wangekuwa nyumbani, au mahali popote pasipokuwa hapa mbele ya fundi.

"Tairi hizi amefunga juzi, eti?" aliuliza, akiomba moyoni jibu liwe ndiyo.

"Juzi wapi, dada," alisema mdogo wake. "Nilimnunulia mwenyewe mwaka jana, siku ile aliponiambia wamempandisha cheo."