Mawe Juu ya Shimo la Nyoka

Stefka alilala kifudifudi juu ya rundo la mawe, akaingiza mkono kwenye upenyo mpaka begani.

Mumewe ndiye aliyeyamwaga pale kabla ya theluji, alipookota mawe shambani kama kila mkulima wa Manitoba, Kanada, akadhani shimo ni shimo tu. Kumbe humo ndimo nyoka wenye mistari, wasiodhuru mtu, wa eneo zima hulala msimu wa baridi, chini kabisa ambako ardhi haigandi. Shimo jingine hawana, na tangu mawe yawafungie humo hakuna aliyejua kama bado wako hai.

"Mama watoto, toka hapo. Nimekuomba radhi mpaka ulimi umeota sugu."

"Basi upumzishe. Vuta lile kubwa."

Akaling'oa kwa mtaimbo. Harufu ya udongo mbichi ikapanda.

Kitu chembamba, kibaridi, kikamgusa Stefka kiganjani. Kikapenya katikati ya vidole, taratibu, kikapita chote mpaka mkia. Kikaja cha pili. Kisha vikawa vingi, havihesabiki.

"Vipi?" mumewe akauliza.

Ilikuwa wiki ya Pasaka, na watu walikuwa bado wanasalimiana kwa maneno ya kanisani, "Kristo amefufuka," na kuitikiana, "Kweli amefufuka."

"Wamefufuka," Stefka akasema, machozi yakimdondoka juu ya mawe.

Mumewe akavua kofia.

"Kweli wamefufuka."