Dira Karibu na Majembe

Kaburi la mkewe lilikuwa limekwisha kuchimbwa Mzee Mwinyihaji alipofungua tena dira yake kuhakikisha kibla. Sindano haikulingana na shimo. Akakumbuka kwamba asubuhi, alipowapimia wachimbaji mstari, majembe yao yalikuwa yamelala miguuni pake, na chuma huivuta sindano. Yeye, aliyekusanya dira kumi na nne maishani mwake, alikuwa amesahau.

"Limekwenda upande," alisema. "Kosa ni langu."

"Mzee wangu, jeneza liko njiani," alisema Shaibu, mchimbaji, akijibwaga juu ya kifusi. "Mungu anajua nia zetu."

"Mungu anajua. Mimi ndiye nitakayekosa usingizi."

Shaibu akacheka kwa uchovu. "Marehemu alikuwa akisema una dira kabati zima, na sokoni bado unapotea."

"Alisema kweli."

Mzee akavua kanzu, akashuka shimoni mwenyewe. Shaibu akaguna, akamfuata na jembe.

Walipomaliza kulinyoosha, kaburi lilikuwa pana kupita mahitaji ya mtu mmoja. Sauti za wabeba jeneza zilikuwa zinakaribia. Mzee alibaki chini, akiipapasa ile nafasi iliyozidi.